Ghorofa 15 juu ya ua wetu: nitie sahihi au nikatae?

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Naishi Tudor, hapa kisiwani Mombasa, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba alipokuwa akifanya kazi bandarini. Ni nyumba ya chini, si kubwa, ila nyuma ina ua mpana wenye mwarobaini, kisima na baraza. Ua huo ndio sebule yetu hasa. Mama yangu ana miaka 78 na hushinda pale kuanzia adhuhuri hadi magharibi: huchambua mchicha, hupokea mashoga zake, hujinyoosha mkekani kichwa wazi na kanga moja, maana hakuna jicho la mwanamume wa kando linalofika humo. Nyumba zote zinazotuzunguka ni za chini kama yetu.

Jirani yetu wa upande wa kusini alifariki, warithi wake wakauza. Baada ya Idi kiwanja kikazungushiwa mabati na kutundikwa kibao: fleti za kuishi, ghorofa 15, nyumba 60, maegesho ya magari chini ya ardhi. Ghorofa 15, Bi Mshauri, pale palipokuwa na mzee mmoja, mkewe na paka.

Haukupita muda wakaja vijana wawili wenye vitambulisho shingoni, wapole kabisa, wakisema wanakusanya maoni ya majirani. Wakanipa fomu ya ukurasa mmoja. Juu walitaka jina, nambari ya kitambulisho na simu. Chini kuna swali kama naunga mkono mradi, niweke alama ndiyo au hapana, kisha sahihi. Mmoja akaninong'oneza kwamba wanaojaza wanapewa shilingi 5,000 "za usumbufu". Niliwaambia nitafikiri, wakaniachia fomu. Iko juu ya friji hadi leo na kila siku napigiwa simu.

Mtaa umegawanyika. Mwalimu mmoja mstaafu anataka tuandamane hadi ofisi za kaunti. Mwenye duka la kona anafurahi, kwake nyumba 60 ni wateja. Wenye nyumba za kupangisha wanasema bei ya ardhi itapanda. Vijana wa kijiweni wameahidiwa vibarua. Kamati ya msikiti nayo imeahidiwa kuchimbiwa kisima kirefu, kwa hiyo imamu, ninayemheshimu sana, amenyamaza. Kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika tu kwamba naogopea maji, mtu akanijibu kuwa watu kama mimi ndio wanaoifanya Mombasa ibaki nyuma. Upande wa wanaopinga nako sina raha, maana wapo wanaosema bila haya kwamba watu wa bara wanakuja kutumeza. Mdogo wangu ameolewa na mtu wa Machakos, mume mwema aliyemuuguza baba yetu kwa mikono yake. Nitasimamaje na wasemao maneno hayo?

Lililonivuruga zaidi ni la nyumbani. Kaka yetu anafanya kazi Sharjah miaka mingi sasa. Dalali amempata huko huko kwa simu, akamwambia mwenye mradi angependa na kiwanja chetu. Kaka anataka tuuze, tumnunulie mama fleti moja humo humo ghorofani, pesa zitakazobaki tugawane. Mama aliposikia alisema maneno mawili tu: "Nizikeni kwanza." Kaka naye anasema yeye ndiye mwanamume, mrithi mkubwa, na ameniomba niipige picha hati ya kiwanja nimtumie dalali. Hati ingali kwa jina la baba, aliyefariki 2014. Mirathi hatukuwahi kuifanya. Tuliona aibu kuanza kugawana na mama yuko hai.

Binti yangu ameajiriwa mjini lakini amepanga Mtwapa, kwa kuwa kisiwani hakupata nyumba ya bei anayoiweza. Yeye ananiuliza: "Mama, kwani watu wataishi wapi?" Sina jibu.

Je, nijaze fomu? Nizichukue hizo 5,000 kama wenzangu? Kaka nimwambie nini? Na majirani nitaishi nao vipi, lijengwe lisijengwe?

Mwenye Ua, Tudor

MAJIBU

Waaleikum salaam, Mwenye Ua.

Hizo 5,000 usizichukue, na hiyo fomu usiirudishe kama ilivyo. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo unalopigiwa simu kila siku, na mtu hapigi simu kila siku kwa jambo lisilo na maana kwake.

Jengo la namna hiyo halianzi kihalali bila leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Leseni inatokana na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti yenyewe inatakiwa ionyeshe kwamba watakaoathiriwa waliulizwa. Karatasi iliyo juu ya friji yako itabandikwa nyuma ya ripoti hiyo. Atakayeisoma ofisini hakuoni wewe, haoni kisima chako wala mkeka wa mama. Anaona jina, nambari ya kitambulisho na alama. Ukiweka ndiyo, wewe ni ndiyo. Ukiweka hapana tupu, wewe ni mmoja wa "wachache waliokuwa na wasiwasi", na kazi inaendelea. Alama haimlazimishi mtu kukujibu. Swali lililoandikwa, likapokewa na kugongwa muhuri, ndilo linalotafutiwa jibu.

Kwa hiyo chukua karatasi yako mwenyewe. Andika nambari ya kiwanja kama ilivyo kwenye kibao, andika wewe ni nani na unakaa umbali gani kutoka ukuta wa mradi, kisha uliza. Peleka kwa mkono ofisi ya NEMA ya kaunti na idara ya mipango ya kaunti, na usitoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe. Omba pia uonyeshwe ripoti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, usiombe kama unayeomba msaada.

Majirani waliokwisha kupokea pesa usiwasute. Watu wa pwani tunasema fedha fedheha, lakini karo ya shule nayo ina tarehe yake. Aliyetia sahihi bado anaweza kuandika barua ya pili akieleza kwamba hakuelezwa anachokitilia sahihi. Mwambie hivyo kwa upole, umpe na kalamu.

Sasa tuje kwa jengo lenyewe, na hapa nitakuomba jambo moja: uache ubishi wa kama ghorofa ni nzuri au mbaya. Ubishi huo hauna mwisho, na ndio unaowafaa wenye mradi, kwa sababu mtaa unapogombana juu ya maendeleo hakuna anayeuliza choo kitamwaga wapi. Waswahili hatukuanza leo kukaa juu ya wengine. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale hapo kwetu zilikuwa na ghorofa mbili, tatu, miaka mingi kabla ya saruji ya mfuko. Ghorofa si mgeni. Mgeni ni wingi wa watu juu ya kiwanja kimoja ambacho bomba lake, shimo lake na njia yake vilitengenezwa kwa mzee, mkewe na paka.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Nyumba 60, tuseme watu watano kila moja: watu 300. Kila mmoja atumie lita 100 kwa siku, na hapo hatujaosha gari la mtu. Ni lita 30,000 kila siku, yaani maboza matatu ya lita 10,000, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Yatatoka wapi? Unajua wewe kuliko mimi kwamba maji ya Mombasa hayafiki hata nusu ya mahitaji ya mji. Tunanyweshwa na Mzima, chemchemi iliyo Tsavo, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, tukaongezewa na Baricho, Marere na Tiwi, na bado mikokoteni ya madumu inapita mlangoni. Wenye mradi watakuambia watachimba kisima kirefu. Hilo ndilo la kuogopa hasa. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari. Maji matamu yamekaa juu ya maji chumvi, na anayevuta kwa pampu kubwa mchana na usiku huyaita maji ya bahari yapande. Kisima chako cha ndoo kitakuwa cha kwanza kuonja. Cha msikiti, kile walichoahidiwa, ni cha pili. Hilo ndilo ungemwambia imamu, faraghani, baada ya alasiri, si kwenye kundi la WhatsApp: kisima cha zawadi na kisima cha fleti 60 vitavuta kwenye mwamba mmoja. Muulize kamati imeonyeshwa vipimo vya maji au imeahidiwa kwa mdomo tu. Mtu mzima akiulizwa kwa heshima huuliza na wenzake.

Kinachoingia kinatoka. Zile lita 30,000 zitashuka karibu zote zikiwa maji machafu. Sehemu kubwa ya kisiwa haina bomba la maji taka linalofanya kazi. Tunaishi na makaro, yale mashimo ya maji taka. Karo la nyumba ya chini hunywewa na mwamba polepole, na mwamba ukashindwa, yanatoka njiani, halafu baharini. Mkono wa bahari wa Tudor pamoja na mikoko yake umekunywa vya kutosha. Kwa hiyo swali lako la pili liandike kwa herufi kubwa: maji machafu ya watu 300 yatakwenda wapi? Wakijibu kuna mtambo wa kuyasafisha humo humo jengoni, uliza la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: fleti zikishauzwa na mjenzi akaondoka na faida yake, nani atalipa umeme na fundi wa huo mtambo? Mitambo ya namna hiyo hufanya kazi vizuri sana siku ya uzinduzi. Unataka kuona kwenye maandishi kwamba ushirika wa wenye fleti utabeba mzigo huo, na kwamba mtambo utapimwa.

Magari, umeme, taka za jikoni, zimamoto kupita kwenye njia yenu nyembamba: yaandike pia, mstari mmoja mmoja. Mwalimu wenu mstaafu ataweza kuyapanga vizuri kuliko kuandamana.

La ua sasa. Nimelisoma mara mbili, kwa sababu najua wapo watakaokucheka: ati mradi wa mamilioni usimame kwa ajili ya bibi na kanga yake? Usikubali kuona haya. Stara ya ua ndiyo iliyopanga nyumba zetu tangu zamani, mlango ukaelekea hivi, dirisha likawekwa juu, daka likatangulia ndani. Wachoraji wa leo wanaweza kulifanya hilo wakiambiwa mapema, na hawawezi wakiambiwa zege likishakauka. Omba, kama sharti la kibali, upande unaotazama ua wenu usiwe na roshani za wazi. Madirisha ya ghorofa za chini, ambazo ndizo hasa zinaona mtu na uso wake, yawe na vizingiti vya juu au vizuizi vya matundu vya mbao au saruji vinavyopitisha hewa na kuzuia jicho. Ngazi, lifti na vyoo vinaweza kugeuziwa upande wenu, vyumba vya kukaa vikaelekea barabarani. Idara ya mipango ina uwezo wa kutoa kibali chenye masharti. Haitatoa sharti ambalo hakuna aliyelitaja. Taja na upepo: jengo liko kusini kwenu, na kusi ndio upepo unaowapoza baada ya kaskazi. Umbali kati ya jengo na ukuta wenu una maana kubwa hapo.

Kabla hawajachimba hayo maegesho ya chini ya ardhi, piga picha kila ukuta wa nyumba yenu, ndani na nje, kila ufa uliopo, kisima na kimo cha maji yake. Bora zaidi, dai kwa barua mhandisi wa mradi aje akague nyumba yenu na nyote wawili mtie sahihi ripoti hiyo. Nyumba ya zamani iliyo pembeni mwa shimo refu hupata nyufa, na asiye na picha za kabla huambiwa nyufa zilikuwepo. Kibaoni tazama kama kumeandikwa mkandarasi, mhandisi na nambari ya usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kama hazimo, uliza kwa nini. Hatujasahau Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo lililoporomoka usiku wa mvua likaua watu wapatao 50. Na kazi ikianza, kelele zina kipimo: kanuni za 2009 zinahesabu saa 12 jioni kuwa mwisho wa mchana, na baada ya hapo kiwango cha mtaa wa makazi kinashuka sana. Zege la usiku wa manane si haki yao.

Nakuomba uwe mwangalifu na tarehe kuliko na maneno. Kaunti ikishatoa kibali cha ujenzi, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa asiyeridhika siku 14 tu kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango. Siku 14 zinapita mtu akingali anasubiri kikao cha mtaa. Leseni ya NEMA hupingwa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na huko muda ni siku 60. Juu ya hayo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo iko hapo hapo Mombasa. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe umeshapata hasara ndipo usikilizwe. Inatosha kuonyesha kwamba haki ya mazingira safi inaelekea kuvunjwa. Ndiyo maana barua yenye muhuri inapaswa kuuliza pia: je, kibali kimetoka, na lini? Mkifika huko tafuteni wakili, mchangiane. Hamwendi kwa wakili mkiwa na hasira, mnakwenda na barua, picha na tarehe. Gharama inapungua.

Kuhusu wale wa "watu wa bara": jitenge nao waziwazi, na uwaambie kwa nini. Mbali na kwamba ni maneno ya aibu, yanaharibu kesi yenu. Siku wakisimama wao kuzungumza kwenye kikao, mwenye mradi ataacha kujibu habari ya makaro na kuanza kujibu habari ya ukabila, na atapigiwa makofi. Kwani kinyesi cha mtu wa Tudor kinapita njia gani tofauti na cha mtu wa Machakos? Mpe shemeji yako kalamu aandike naye. Ni mkwe wa nyumba hiyo.

Swali la binti yako ni la haki, nawe hukulikwepa, nimelipenda hilo. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, na kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 14 hivi. Hatuwezi wote kukaa kwenye nyumba za chini zenye ua na mwarobaini, na anayesema hivyo anawatuma watoto wake Mtwapa na matatu ya alfajiri. Buxton, hapo jirani yenu, nyumba za zamani zilibomolewa 2021 yakaja majengo marefu, na mitaa mingine itafuata. Lakini mwambie binti yako aulize bei ya hizo fleti 60 kabla hajazitetea. Kama mshahara wake hauzifikii, basi hazikujengwa kwa ajili ya swali lake, ingawa swali linabaki. Huenda mkakuta kwamba jengo la ghorofa sita au nane lenye maji yake na karo lake mngeliunga mkono, yeye na wewe pamoja. Liandikeni hilo pia. Ofisi husikiliza vizuri zaidi mtu anayesema kiasi gani anakubali.

Nimeliacha la kaka kwa makusudi, maana ndilo litakaloumiza zaidi.

Hati usiipige picha. Usimtumie dalali, wala nakala ya kitambulisho cha mama, wala cha kwako. Si kwamba kaka yako ni mwizi. Picha ikishafika kwa dalali huijui itakapolala. Na kisheria hakuna wa kuuza. Kiwanja kingali cha marehemu, na mpaka mirathi ifanywe, ahadi yoyote ya kaka kwa dalali ni maneno ya simu. Ukihisi haraka isiyo ya kawaida, nenda kwa msajili wa ardhi uombe zuio liandikwe juu ya hati hiyo, kama mtu mwenye maslahi.

Aibu mliyoiona 2014 imewagharimu. Kugawa mirathi hakumfukuzi mama; kutogawa ndiko kunakomwacha bila karatasi yoyote. Nendeni kwa kadhi. Kama baba aliacha mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, na wazazi wake walishatangulia, mali hukatwa mafungu 32: mama 4, kaka yako 14, wewe 7, mdogo wako 7. Kaka ana fungu kubwa, kweli, lakini 14 si 32. Mwonyeshe hesabu hiyo, bila kumsimanga.

Nikuambie na la upande wake, kwa kuwa yeye hakuniandikia. Mtu aliyekaa ugenini miaka mingi ana fungu lililolala kwenye nyumba ambayo wewe unaishi na yeye haishi. Huenda anazeeka kule na hana pa kurudia. Anapotaja fleti ya mama ghorofani, huenda anasema kwamba anataka kuona jasho la baba limekuwa kitu mkononi mwake. Mpigie simu usiku akiwa amepumzika, umuulize ana haja gani na pesa hizo, kabla ya kumwambia hapana. Mkishamaliza kwa kadhi, mnaweza kuandikiana kwamba nyumba haiuzwi mama akiwa hai, na kama yeye hawezi kungoja, fungu lake lithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, si dalali, mlinunue ninyi kidogo kidogo, au chumba kikodishwe kwa faida yake. Mwambie pia kwamba kiwanja kinachotafutwa na jirani wa ghorofa 15 hakishuki bei kwa kungojewa.

Mama mwelezeni mambo ya mirathi wewe na mdogo wako mkiwa pamoja naye, mapema, asije akayasikia kwa mwingine. "Nizikeni kwanza" ni neno la mtu anayedhani ameshaamuliwa.

Fomu itoe juu ya friji leo. Na ukipata ripoti, fungua kwanza sehemu ya maji taka, uninukulie neno kwa neno wanachosema juu ya lile swali la tatu. Nitalichapa hapa, mitaa mingine nayo ina vibao.